Raundi ya fedha yenye mikwaruzo: uinunue au uiache?

Kwanza tuelewane kuhusu neno. Kiswahili kinatumia "fedha" kwa pesa na kwa madini pia. Hapa nikisema fedha nina maana ya madini tu, yale meupe ya pete na bangili. Raundi ni kipande cha mviringo kilichopigwa chapa na kiwanda binafsi. Kinafanana na sarafu lakini si sarafu, kwa sababu hakuna serikali iliyokiandikia thamani. Ya kawaida ina uzito wa wakia moja ya troi, yaani gramu 31.1035, upana wa karibu milimita 39, na usafi wa 999 katika 1000. Soko lake kubwa liko Marekani, na Mswahili aliyeko kule akianza kuweka akiba kidogo kidogo kwa wakia, haichukui muda kabla hajakutana na swali hili.

Muuzaji huwa nazo za aina mbili. Kuna mpya, zinazong'aa kama kioo, zimepangwa ishirini ishirini ndani ya tyubu ya plastiki. Na kuna zilizorudishwa na wateja: mchanganyiko wa chapa mbalimbali, hii ina mikwaruzo, ile imebonyea ukingoni, nyingine imekuwa nyeusi kama chungu. Hizi za pili ni nafuu zaidi. Je, uzikimbie?

Jibu langu: kama unanunua fedha kwa ajili ya fedha yenyewe, chukua za pili, mradi ujue kuzikagua. Sura haiongezi hata gramu moja. Lakini usiache kuitazama, maana kasoro za raundi zinakueleza kilichomo ndani yake kuliko mng'aro unavyoweza kukueleza.

Mkwaruzo unagharimu kiasi gani?

Tupige hesabu. Chukua mkwaruzo mbaya, unaoonekana bila miwani: urefu milimita 20, upana sehemu moja ya kumi ya milimita, kina nusu ya upana huo. Ujazo wake ni milimita za ujazo 0.1. Fedha ina densiti ya gramu 10.49 kwa sentimita ya ujazo, kwa hiyo hapo ni kama miligramu moja ya fedha. Raundi nzima ina miligramu 31,103. Tuseme bei ya soko ni dola 30 kwa wakia (nitatumia bei hiyo ya mfano hadi mwisho). Mkwaruzo huo una thamani ya sehemu moja ya kumi ya senti. Jaza raundi nzima mikwaruzo thelathini ya namna hiyo, bado hujapoteza senti nne.

Na hata hizo senti hazijapotea zote. Fedha safi ni laini. Ikikwaruzwa na kitu butu, madini hayatoki. Yanasukumwa pembeni na kufanya tuta dogo kando ya mfereji. Pitisha ukucha taratibu juu ya mkwaruzo utalihisi tuta hilo. Kubonyea ukingoni ni vivyo hivyo. Raundi iliyoanguka sakafuni imebadilika umbo tu, uzito uko palepale.

Mfano unaoshangaza zaidi ni tundu. Mtu ametoboa raundi ili aivae shingoni, tundu la milimita 2. Kwa unene wa milimita 2.5, fedha iliyotoka ni kama gramu 0.08. Kwa bei yetu ya mfano hiyo ni senti nane. Ila hapa mwenye duka atakukata zaidi ya senti nane, pengine dola moja au zaidi, kwa sababu hawezi kuiuza tena kama raundi nzima. Ataipeleka kwenye kuyeyushwa. Kwa hiyo tundu ni kasoro ya kujadili bei. Mkwaruzo kwa kawaida sio.

Sasa linganisha na kinacholipwa kwa ajili ya mng'aro. Tuseme raundi mpya ni dola 32.50 na iliyotumika ni dola 31.20. Ukinunua ishirini, za kwanza zinakugharimu 650, za pili 624. Siku ukienda kuuza, na mwenye duka ananunua raundi zote kwa dola 29.40, unapata 588 kwa kundi lolote kati ya hayo mawili. Aliyenunua mpya amepoteza 62, mwenzake 36, wala hapo bei ya soko haijasogea. Tofauti ya dola 26 ni karibu wakia nzima ambayo ungeweza kuwa nayo mkononi. Ndiyo maana kabla ya kuuliza bei ya kununua, uliza bei ambayo duka hilohilo litanunua kutoka kwako, na uliza waziwazi: "Zenye mikwaruzo mnazinunua kwa bei gani?" Kama bei ya kununua ni moja kwa zote, umeshapata jibu lako.

Weusi, madoa meupe, na ukijani

Hivi vitatu watu huvichanganya, na kila kimoja kina chanzo chake.

Weusi ni salfaidi ya fedha. Hewa ina gesi kidogo yenye salfa, na unyevu unaharakisha kazi. Mpira wa kufungia noti una salfa. Karatasi ya gazeti, sufu, mayai na vitunguu vyote vina salfa. Rangi haiji nyeusi moja kwa moja. Inaanza njano hafifu kama chai ya rangi iliyozimuliwa, inaingia kahawia, halafu zambarau na buluu, mwisho nyeusi, na huanzia pembeni kuelekea katikati. Tabaka hilo ni jembamba mno, na fedha iliyomo bado ni ya raundi hiyohiyo. Kwa kuwa salfa imejiunga nayo, uzito umeongezeka kidogo badala ya kupungua. Mtu akikwambia raundi nyeusi "imeliwa na kutu", amekosea. Kutu ya chuma hudondoka ikaacha shimo. Hii haidondoki.

Madoa meupe, ambayo wenyewe huyaita madoa ya maziwa, yanaonekana kama tone la maziwa lililokauka. Hutokea hata kwenye sarafu ambayo haijawahi kuguswa na mtu, wakati mwingine miezi baada ya kutoka kiwandani. Maelezo yanayokubalika zaidi ni mabaki ya dawa za kuoshea yaliyobaki juu ya kipande kabla ya kupashwa moto na kupigwa chapa. Sarafu za Maple Leaf za Kanada zilisumbuliwa sana na tatizo hili, mpaka kiwanda cha serikali yao kikaanzisha kinga waliyoiita MintShield mwaka 2018. Madoa haya hayatoki kwa soda wala kwa kuchovya. Ukiyasugua utaacha mikwaruzo pembeni na doa litabaki palepale. Yaache. Fedha iko kamili.

Ukijani ndio wa kuangalia kwa makini. Ukiona utando wa kijani unaonata kidogo, kama mafuta yaliyoganda, basi mara nyingi raundi ilikaa kwenye mfuko laini wa PVC, ile plastiki yenye harufu ya pazia jipya la bafuni. Plastiki hiyo hutoa tindikali polepole, na tindikali huanza kula uso. Utando huo unatolewa kwa asetoni halisi: loweka kwenye gilasi ya kioo kwa dakika kumi, suuza kwa asetoni mpya, acha ikauke yenyewe bila kufuta. Fanya hivyo dirisha likiwa wazi, mbali na jiko. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha haifai, kwa sababu ina manukato na mafuta. Ila kama ukijani ni mkavu, kama ule wa sufuria ya shaba, na uko kwenye sehemu iliyochubuka, hapo simama. Huenda unatazama shaba iliyopakwa fedha.

Kovu kama shahidi

Raundi bandia nyingi ni shaba au shaba ya manjano iliyopakwa ngozi nyembamba ya fedha. Ikiwa mpya na inang'aa, macho hayana pa kuanzia, kwa kuwa juu ni fedha kweli. Lakini raundi iliyozunguka mikononi mwa watu na kupata mikwaruzo imeshajifungua yenyewe. Fedha ya 999 ni nyeupe mpaka kwenye moyo wake.

Chukua kioo cha kukuza mara kumi na taa ya mezani, inamisha raundi hadi mwanga uingie ndani ya mkwaruzo kwa pembeni, kisha utazame chini ya mfereji, usiangalie kingo zake. Ukiona weupe uleule, vizuri. Ukiona wekundu au umanjano, hiyo si fedha. Baada ya hapo angalia sehemu zilizoinuka zaidi, ambazo husuguliwa kwanza: shavu la sura iliyochorwa, ncha za herufi, meno ya ukingoni. Mipako huisha hapo kabla ya pengine popote.

Tahadhari moja: njano ya salfa inaweza kukudanganya ukadhani ni shaba. Tofauti iko kwenye mpaka. Rangi ya salfa hufifia polepole kama wingu, na hupenda mabonde, pembeni mwa herufi mahali ambapo kidole hakifiki. Rangi ya madini ya chini ina mpaka mkali, kama rangi ya ukuta iliyobanduka, na iko juu ya miinuko. Ukiona vilengelenge vidogo vilivyovimba, au mstari wa kiungo unaozunguka ukingo mzima, rudisha mezani bila mjadala.

Wakati mwingine utakuta mtu ameshapiga tupa kidogo ukingoni, mkato wa milimita moja. Wanunuzi wengine wanaukataa kwa sababu ni "uharibifu". Mimi naupenda. Mtu aliyeikata alitaka kuona ndani, na wewe unaona bure alichokiona. Hata sonara wa pwani akipima kwa jiwe na tindikali, kama ni mjuzi atakwangua kwanza kwa tupa ndipo asugue kwenye jiwe. Bila hivyo anapima ngozi ya juu peke yake, na kipande kilichopakwa kitapita.

Macho hayatoshi, kwa hiyo uwe na vitu vinne: mizani ya kusoma gramu 0.01, kalipa (kifaa cha kupimia unene na upana), sumaku ya neodimia, na kikombe cha maji. Vyote vinaingia kwenye mfuko mmoja.

Mizani kwanza. Raundi ya kweli husoma kati ya 31.10 na 31.30 hivi, kwa kuwa kiwanda chenye sifa hakitaki kushitakiwa kwa kupunja, kwa hiyo huacha ziada ndogo. Ikisoma 28.35 umeshika wakia ya kawaida ya dukani, ile inayotumika kwa raundi za shaba. Ikisoma chini ya 31.0, na huoni mahali palipokatwa au kutobolewa, iache.

Kalipa ndiyo inayomkamata mwenye kusawazisha uzito. Shaba ni nyepesi kuliko fedha, densiti yake ni 8.96, hivyo raundi ya shaba yenye uzito sahihi lazima iwe nene zaidi au pana zaidi. Kwa upana uleule wa milimita 39, fedha inahitaji wastani wa unene wa milimita 2.48, shaba inahitaji 2.9. Pima ukingo sehemu nne, uepuke palipobonyea, kwa sababu hapo kalipa itakupa namba ya uongo. Kwa sarafu za serikali vipimo vinajulikana: Eagle ya Marekani ina upana wa milimita 40.6, Philharmonic ya Austria 37, Britannia ya Uingereza 38.61. Kwa raundi za viwanda binafsi vipimo hutofautiana, ndiyo maana kipimo cha maji kinafuata, na hicho ndicho ninachokiamini zaidi.

Weka kikombe chepesi cha plastiki chenye maji juu ya mizani, dondoshea tone la sabuni ya vyombo ili maji yasishikilie viputo, kisha rudisha mizani kwenye sifuri. Funga raundi kwa uzi mwembamba, izamishe yote huku umeshika uzi kwa mkono, isiguse chini wala pembeni. Namba utakayoiona ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito wa raundi kwa namba hiyo. Fedha ya gramu 31.10 itasoma karibu 2.96 au 2.97, na jibu litakuwa karibu 10.49. Shaba ya uzito uleule itasoma karibu 3.47. Makosa yanayoharibu kipimo hiki ni matatu: raundi kugusa chini (namba inaruka juu ghafla), viputo vilivyonasa kwenye meno ya ukingo (densiti inaonekana ndogo kuliko ilivyo), na uzi mnene unaozama nao. Ukipata kati ya 10.3 na 10.6, rudia mara mbili, halafu uridhike.

Sumaku inafuata. Ikinata, kuna chuma au nikeli ndani. Isiponata, inamisha raundi kama mteremko wa paa na uteleze sumaku juu yake: kwenye fedha inashuka pole, kama inavutwa nyuma. Lakini shaba nayo hufanya hivyo, na alumini pia, kwa hiyo sumaku inaondoa waongo wachache tu. Barafu ni hivyohivyo. Watu hufurahia kuona kipande cha barafu kikiyeyuka juu ya fedha, ila shaba inapitisha joto karibu sawa na fedha, na mtu akikuonyesha barafu kama uthibitisho hajakuthibitishia kitu.

Mlio unasaidia dhidi ya risasi. Mchanganyiko wa risasi na madini mepesi unaweza kupangwa ufikie densiti ya fedha, lakini hauwezi kuimba. Sawazisha raundi kwenye ncha ya kidole, igonge ukingoni kwa kalamu ya mbao: fedha inalia kwa sauti nyembamba inayodumu, risasi inatoa "tu" na kunyamaza. Kama imo kwenye kapsuli ya plastiki, itoe kwanza, na ujue kwamba raundi yenye ufa nayo itanyamaza hata kama ni ya kweli.

Kabla ya hayo yote, soma maandishi. Yanayotakiwa ni uzito kwa wakia ya troi na usafi wa 999. Neno "clad" maana yake imefunikwa kwa fedha, si fedha. "100 mills" ni mbinu ya zamani ya kuuza kitu kilichopakwa. "German silver" na "nickel silver" hazina fedha hata chembe. Ni shaba, nikeli na zinki.

Kuchakaa si sawa na kukwaruzika

Raundi haizunguki sokoni, kwa hiyo haichakai kwa kweli. Sarafu za zamani zilizopita mikononi kwa miaka hamsini ni habari nyingine. Marekani, senti kumi, robo na nusu dola za mpaka 1964 zina fedha asilimia 90. Zikiwa mpya, sarafu hizo zikijumlishwa kufika dola moja zina wakia 0.7234 za fedha. Wafanyabiashara huzihesabu kwa 0.715, yaani wameshakata zaidi kidogo ya asilimia moja kwa ajili ya kuchakaa. Ukipewa mfuko wa senti kumi za Barber (jina la mchoraji wake) za kabla ya 1916, zilizolainika hadi sura haionekani, zimepungua zaidi ya hapo, na wewe ukilipa kwa 0.715 umepunjwa. Hapo usibishane kuhusu sura. Ziweke kwenye mizani, zidisha gramu kwa 0.9, gawanya kwa 31.1035.

Hesabu hiyo hiyo inaifaa riale ya Maria Theresa, ambayo pwani yetu na Omani ziliitumia kama pesa katika karne ya 19 na ambayo bado imo kwenye masanduku ya mabibi. Mwaka ulioandikwa ni 1780 siku zote, hata iliyopigwa karne mbili baadaye. Inatakiwa iwe na gramu 28.07 na usafi wa 833 katika 1000, yaani fedha safi gramu 23.39. Nyingi zilitiwa kikonyo ili zivaliwe. Kikonyo na lehemu yake vinaongeza uzito bila kuongeza fedha kwa kiwango hicho, kwa hiyo riale yenye kikonyo inayosoma gramu 28 kamili si nzima: imechakaa, kikonyo kinafidia. Na shilingi ya simba ya East Africa, ya 1921 hadi 1946, ina usafi wa 250 tu. Katika gramu 7.78 fedha ni kama gramu 1.94. Sura yake nzuri isikufanye uilipie kama fedha safi.

Lini sura ni pesa

Kuna vitu ambavyo sura yake inalipwa kweli. Sarafu iliyopimwa na kufungwa kwenye kasha la PCGS au NGC, kampuni za kupima ubora wa sarafu, ina alama katika kipimo cha mwisho 70, na nukta moja inaweza kubadilisha bei kwa mbali. Sarafu za kuonyesha, zenye uso wa kioo, alama ya kidole ni hasara. Dola za Morgan, sarafu za fedha za Marekani za 1878 hadi 1904 na 1921, zina watafutaji. Hata kati ya raundi, zile za kampuni ya Engelhard za miaka ya 1980 zenye picha ya mtafuta dhahabu hulipwa zaidi ya fedha yake, na safi hulipwa kuliko iliyokwaruzika. Zanzibar ilikuwa na riale yake ya fedha ya Seyyid Barghash, ya 1299 Hijria. Hiyo ni adimu, na kama imo kwenye familia yenu, msiiguse kwa kitambaa wala soda, wala msiilete kwenye mizani ya mnunuzi wa fedha. Anayeihitaji ni mtaalamu wa sarafu.

Eagle ya Marekani iko katikati. Duka hununua kwa bei nzuri kuliko raundi hata ikiwa na madoa ya maziwa, ingawa baadhi hukata kidogo, na zilizobonyea hutupwa kwenye kundi la raundi. Ndiyo maana naona ni bora kununua Eagle iliyokwaruzika kwa bei ya raundi, kama utaipata, kuliko raundi mpya kwa bei ya Eagle.

Uingereza kuna sababu nyingine ya kupenda zilizotumika: fedha mpya hutozwa VAT ya asilimia 20, ila duka linalouza zilizotumika linaweza kulipa VAT kwenye faida yake peke yake. Mikwaruzo michache kwa kuepuka sehemu kubwa ya asilimia 20 ni biashara nzuri. Emirati mambo ni tofauti, kwa kuwa madini ya uwekezaji yenye usafi wa asilimia 99 na zaidi hutozwa sifuri, hivyo huko faida hiyo ya zilizotumika haipo.

Usizisafishe

Ukishanunua zako zenye weusi, hamu ya kwanza itakuwa kuzing'arisha. Usifanye hivyo. Dawa ya meno na majivu hung'oa fedha na kuacha mikwaruzo midogo kama nywele, na mnunuzi akiona hayo hujiuliza kilichofichwa ni nini. Weusi wa asili unampa imani kuliko mng'aro wa kusuguliwa.

Kama lazima, kwa raundi ya kawaida pekee: tandika karatasi ya alumini chini ya bakuli, upande unaong'aa juu, weka raundi iguse alumini, mimina maji ya moto yenye kijiko kimoja cha soda ya kuokea kwa kila kikombe. Utasikia harufu ya yai viza. Ndiyo salfa inayohamia kwenye alumini, na fedha inarudi mahali pake. Dakika mbili tatu zinatosha. Suuza kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, kausha kwa kugusisha kitambaa cha pamba bila kusugua. Itatoka nyeupe, lakini itakuwa imefifia kama bati, haitarudi kioo.

Kuhifadhi ni rahisi zaidi. Tyubu za polipropilini au poliethilini, kifuniko kikazwe, pakiti ya silika ndani ya sanduku, hasa kwa mtu wa Mombasa, Unguja au Maskati ambako hewa ina maji mwaka mzima. Pakiti hiyo ikaushwe au ibadilishwe kila baada ya miezi michache. Usifunge kwa mpira, usizungushie gazeti, usiweke kwenye droo ya jikoni. Zishike ukingoni. Panga zenye chapa moja pamoja, zenye tundu na zilizokatwa kando, na juu ya kila tyubu andika kwa kalamu ya rangi uzito wa jumla uliousoma kwenye mizani siku ulipozinunua: ishirini nzima zisisome chini ya gramu 622.